Maji ya Dodoma Huharibikia Nchi Kavu

Kuanzia Mei hadi Novemba, mito mingi ya Dodoma na Singida ni mchanga mtupu. Kinyasungwe, Bubu na Kizigo hugeuka njia pana ambazo ng'ombe hupita, watoto huchezea mpira, na wanawake huchimba mashimo mpaka maji yajitokeze. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na wastani wake Dodoma ni milimita 570 hivi kwa mwaka. Korongo likijaa, hujaa kwa saa chache; kesho yake limebaki tope na matawi yaliyonasa kwenye nguzo za daraja. Hata hivyo, maji hayo ya saa chache ndiyo yanayojaza malambo, mabwawa na akiba ya chini ya ardhi inayonywewa na makao makuu ya nchi.

Kwa hiyo anayetaka kujua ubora wa maji ya nyanda za kati hawezi kuuliza maswali yale yale yanayoulizwa kuhusu Msimbazi wa Dar es Salaam au mto Nairobi. Kule kuna maji yanayotiririka na mabomba yanayomwaga uchafu ndani yake. Ukilifuata bomba, utampata mwenye nalo. Huku, maji yanapofika mtoni yameshaharibika. Yameharibikia kwenye shamba lisilo na makinga maji, kwenye njia ya ng'ombe iendayo lamboni, kwenye choo cha shimo cha mtaa uliopimwa juzijuzi, kwenye shimo lililoachwa na malori ya mchanga. Ukiitazama miaka 80 iliyopita, utaona pia kwamba sera zilizobadili maji ya Dodoma kuliko nyingine hazikuitwa sera za maji. Ziliitwa kilimo, vijiji, mifugo, makao makuu.

Mkoa wenyewe umekaa mahali maji yanapoachana. Upande wa mashariki, mvua ya jiji la Dodoma, Kongwa na Mpwapwa huingia Kinyasungwe, ikapita Mkondoa na Kilosa, ikaishia Wami na Bahari ya Hindi. Upande wa kaskazini na magharibi, Bubu hushuka kutoka Kondoa, hupita Chemba na kufika Bahi, na hapo safari yake inakwisha, maana mbuga ya Bahi haina mlango wa kutokea. Kusini, maji huelekea Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera. Katika mgawanyo wa mabonde tisa ya maji ya nchi, bonde la kwanza husimamiwa kutoka Morogoro, la pili Singida, la tatu Iringa. Makao makuu ya Tanzania yanakunywa maji ya mabonde ambayo ofisi zake kuu ziko mikoa mingine. Jambo hilo lina uzito wake, na nitalirudia.

Uchafu wa kwanza wa mito hii, na mkubwa kuliko wote, ni udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti waliokuwa pamoja na Anders Rapp, mtaalamu wa Sweden, walipima vyanzo vya mabwawa manne ya karibu na mji: Ikowa, Msalatu, Imagi na Matumbulu. Matokeo yalichapishwa 1972, na mwenzake Carl Christiansson akaiendeleza kazi hiyo hadi kitabu chake cha 1981. Walikuta mabwawa yakijaa udongo kwa kasi ya kutisha, kiasi kwamba bwawa kama Matumbulu lilikadiriwa kuishi miongo michache tu. Udongo huo ulitoka vilimani na kwenye miteremko iliyokwisha majani, ukibebwa na mvua kali za mwanzo wa msimu, wakati ardhi iko uchi kabisa.

Kuna anayedhani kwamba kujaa udongo ni hasara ya ujazo tu, kwamba bwawa limepungua lakini maji yaliyobaki ni yale yale. Sivyo. Udongo mwembamba husafiri na samadi, mbolea, mabaki ya dawa za mashambani na vijidudu vya kinyesi, na huvikinga vijidudu hivyo visiuawe kirahisi na klorini. Isitoshe, bwawa likiwa na kina kifupi hupata joto zaidi na kupoteza sehemu kubwa ya maji yake angani. Jua la Dodoma lina uwezo wa kukausha karibu milimita 2,000 za maji kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya mvua inayonyesha. Maji yanapopaa, chumvi hubaki. Kila inchi ya tope inayotua chini ya bwawa inaongeza ukali wa chumvi ya maji yaliyo juu yake.

Ardhi hiyo iliachwaje uchi? Wengi hukimbilia kuwalaumu Wagogo na ng'ombe wao. Lawama hiyo ni nyepesi mno, kwa sababu mkono wa serikali umo ndani ya habari hii tangu zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga Kongwa, juu ya bonde la Kinyasungwe. Matingatinga yaling'oa vichaka, mashamba makubwa yakalimwa, karanga zikashindwa na ukame na udongo unaokauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1971, ikaja Operesheni Dodoma, ya kwanza kati ya operesheni za kuwahamishia wananchi wa mkoa mzima katika vijiji. Shule na zahanati zilisogea karibu na watu, na hilo ni jema lisilo na ubishi. Lakini kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na malisho yake, zilibanwa mahali pamoja, na ng'ombe wao wakabanwa nao. Kuzunguka kijiji na kisima chake, kuni zilikatwa na majani yakaliwa mpaka mzizi. Makorongo yaliyofunguka kwenye njia za mifugo ya miaka ile bado yanaonekana leo.

Kisha ikaja HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoanzishwa 1973 na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na Sweden hadi katikati ya miaka ya 1990. Kazi yake kubwa ilifanyika kwenye vilima vya Kondoa, ambako mmomonyoko ulikuwa umechimba mabonde ya udongo mwekundu ya kutia hofu. Matuta yalichimbwa, miti ikapandwa, na mafanikio yakawa madogo. Ndipo mwaka 1979 serikali ikaamua kuondoa mifugo yote, makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, kutoka eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Ardhi ikaitika. Majani yalirudi, vichaka vikafunga miteremko, na mito ya mchanga iliyokuwa ikitanuka kila mwaka ikaanza kujibana, kingo zake zikaota nyasi. Kwa jicho langu, huo ndio mradi mkubwa kuliko yote wa kusafisha maji ya mto uliowahi kufanywa nyanda za kati, ingawa ulianzishwa kwa jina la ardhi.

Gharama yake, hata hivyo, haikulipwa na waliofaidika peke yao. Familia zilipoteza maziwa, samadi na akiba ya mahari. Mifugo ilipelekwa maeneo jirani, na mzigo ukahamia kwenye miteremko mingine. Ilipofika 1989 serikali ililegeza na kuruhusu ng'ombe wachache wa kufugwa zizini, na ng'ombe wa maziwa wakaonekana tena Kondoa bila vilima kurudi katika hali ya zamani. Naona ruhusa hiyo ya 1989 ina mafunzo mengi kuliko amri ya 1979, kwa kuwa ilimpa mfugaji sababu ya kulinda majani yake mwenyewe. Njia hiyo hiyo ya kumwachia mwananchi faida ndiyo inayofuatwa sasa na mpango wa Kisiki Hai, unaoendeshwa Dodoma tangu 2018 na LEAD Foundation ya Mpwapwa pamoja na Justdiggit. Mkulima huchagua visiki vilivyo hai shambani mwake, hubakiza machipukizi machache, na kuyaacha yakue. Hahitaji kitalu, wala maji ya kumwagilia miche ambayo hayapo.

Wanaodharau habari za udongo wakumbuke Kilosa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mkondoa ulivunja kingo zake, ukafurika mjini na kuharibu Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe. Treni zilisimama kwa miezi. Mto hufurika kirahisi pale kitanda chake kinapoinuka, na kitanda cha Mkondoa hupokea udongo wa Mpwapwa na Kongwa. Mteremko usiotunzwa upande mmoja wa mpaka wa mkoa hulipiwa fidia upande wa pili.

Sasa tuje mjini. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa 1973, lakini kwa miongo minne mji ulikua kwa hatua za wastani. Tangu Julai 2016, serikali ilipotangaza kuhamia kwa dhati, mambo yamebadilika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ya 2022 ilikuta 765,179 katika jiji. Mtandao wa mabomba ya majitaka unahudumia sehemu ndogo tu ya watu hao. Waliobaki wanatumia vyoo vya shimo na makaro, juu ya ardhi ile ile inayochimbwa visima.

Matokeo yake yalijulikana kabla ya ongezeko hili. Mwaka 1996 Hudson Nkotagu, mtaalamu wa miamba na maji, alichapisha utafiti wa nitreti katika maji ya ardhini ya Dodoma. Alitumia alama za nitrojeni kutambua asili yake, na zikaonyesha kwamba chanzo kikuu ni majitaka ya watu. Nitreti haina rangi, haina harufu, na haiondoki kwa kuchemsha. Ukiyachemsha maji yenye nitreti, inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga, ambao damu yao hushindwa kubeba hewa. Mama aliyefundishwa kwamba kuchemsha maji ni usalama ana haki ya kuambiwa pia kuhusu maji ambayo moto hauyasaidii.

Maji ya bomba ya jiji kwa sehemu kubwa hutoka Makutupora, kwenye visima vya Mzakwe kaskazini mwa mji, katika bonde la Kinyasungwe Ndogo. Hapa pana kumbukumbu adimu barani Afrika: vipimo vya kina cha maji ya ardhini vya miaka 55, vilivyochambuliwa na kuchapishwa 2013. Vinaonyesha kwamba akiba hii haijazwi kila mwaka. Kwa miaka mfululizo kina hushuka, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua nyingi isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98, makorongo yanatiririka kwa wiki nyingi na akiba inapanda kwa mpigo. Watu wa mipango wamelielewa hilo kama habari ya wingi. Mimi naliona zaidi kama habari ya ubora. Ikiwa maji ya miaka kumi yanaingia ardhini katika msimu mmoja, basi kila kitakachokutwa juu ya ardhi msimu huo, samadi, kinyesi, oili ya gereji, dawa za ukungu za mashamba ya zabibu, kinapewa njia ya kuingia pamoja nayo. Kulinda eneo la visima peke yake hakutoshi, kwa sababu maji yanayoingia hapo yameanza safari mbali, kwenye makorongo ambayo makazi mapya yanazidi kuyasogelea.

Mto huo huo ukiendelea mashariki hufika Hombolo, bwawa lililojengwa 1957. Hombolo hupokea maji ya sehemu kubwa ya jiji. Lina chumvi inayombana mkulima katika kuchagua zao, linapokea udongo kila masika, na bado watu huvua humo, hunywesha mifugo na kumwagilia mizabibu. Kama jiji linataka kujua linafanyia nini maji yake, halina haja ya maabara ya mbali. Lipime Hombolo kila mwezi na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za kata.

Kuna jambo ambalo ujenzi wa makao makuu umeliletea makorongo na ambalo halijapewa uzito wake: mchanga. Mji wa Serikali Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, reli ya kisasa, maelfu ya nyumba za watumishi, vyote vimekula mchanga, na mchanga hutoka mtoni. Kwa mpita njia, kuondoa mchanga kwenye mto mkavu hakumdhuru mtu. Lakini ndani ya mchanga huo mnakaa maji. Yakishashuka kina cha mita moja hivi, jua halina nguvu nayo tena, na yanapopita katikati ya chembe huachia tope na vijidudu vingi njiani. Ndiyo maana kisima cha kuchimba mchangani, kikizungushiwa miiba ng'ombe wasiingie, hutoa maji safi kuliko lambo. Tipa zikishachota mpaka kwenye mwamba au udongo wa mfinyanzi, kinachobaki ni madimbwi ya wazi: ng'ombe huingia, mazalia ya mbu hupatikana, maji hukauka Julai badala ya Oktoba.

Kenya wamelitambua hili mapema. Kitui, shirika la SASOL na wanavijiji wamejenga mamia ya kuta ndogo za kuzuia mchanga mtoni ili maji yakae ndani yake. Makueni ilitunga sheria yake ya hifadhi ya mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Kwetu, Sheria ya Madini inauhesabu mchanga kama madini ya ujenzi: mchimbaji huomba leseni, mrabaha hulipwa, halmashauri hupata ushuru. Karatasi zote zinaweza kuwa sahihi na kijiji kikakosa maji. Ofisi inayotoa leseni hupima tani; hakuna anayelazimika kupima maji yaliyokuwa yamelala ndani ya tani hizo.

Mchanga ukiisha, watu huchimba kwenda chini, na chini kuna tatizo jingine. Miamba ya Dodoma, na zaidi ya Singida, ina floraidi inayotia meno madoa ya kahawia na, ikizidi, hudhuru mifupa. Tanzania iliwahi kuruhusu, mwaka 1974, hadi miligramu 8 kwa lita vijijini kwa sababu hapakuwa na maji mengine. Baadaye ikashuka hadi 4, na kiwango cha sasa ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Floraidi ni kazi ya miamba. Lakini kumwacha mtu bila maji ya mchangani mpaka alazimike kunywa ya mwambani ni kazi yetu.

Kuhusu dhahabu nitasema kwa kifupi, kwa kuwa uharibifu wake umejikusanya mahali pachache. Kwenye machimbo madogo ya Bahi, Manyoni, Ikungi na Iramba, mawe husagwa kwenye karasha, huoshwa kwenye mialo, na dhahabu hunaswa kwa zebaki. Marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuoshwa, hurundikwa karibu na maji, yaani karibu na korongo, na mvua ya kwanza huyachukua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Katika bonde lisilo na mlango wa kutokea, utekelezaji wake hauwezi kungoja, kwa kuwa hakuna bahari ya kuipokea zebaki hiyo. Itabaki ndani ya bonde, kwenye tope na ndani ya samaki.

Je, sheria hazipo? Zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inadai kibali kwa anayetumia maji na kwa anayetiririsha majitaka. Hata hivyo zote mbili zinawaza mto wenye kingo na mchafuzi mwenye bomba. Ukingo wa korongo la Chamwino uko wapi, ikiwa mwaka jana lilikuwa na upana wa mita 20 na mwaka huu limekula shamba la jirani? Kibali cha kutiririsha utampa nani, pale anayetiririsha ni mtaa mzima wa vyoo vya shimo, au kilima kisicho na majani?

Upimaji nao una kasoro ya aina hiyo. Korongo hujaa usiku, likapungua alfajiri. Mpimaji anayetoka Morogoro au Singida kwa ratiba ya robo mwaka atafika likiwa kavu, au atachota kwenye dimbwi lililobaki, na takwimu zake hazitasema lolote kuhusu maji yaliyopita. Vipimo vya maana vingechukuliwa na watu walio karibu: jumuiya za watumia maji, walimu wa sayansi, maofisa ugani. Wapewe chupa na vifaa rahisi, na wachukue sampuli ya mafuriko matatu ya mwanzo wa msimu, kwa maana hayo ndiyo yanayokuja na uchafu wa miezi saba ya kiangazi.

Yote haya yanakutana Farkwa. Kwa miaka mingi serikali imepanga kujenga bwawa kubwa huko Chemba, juu ya mto Bubu, kuinywesha Dodoma pamoja na wilaya za Chemba, Chamwino na Bahi. Wananchi wa Mombose na Bubutole waliambiwa wapishe. Haja ya bwawa hilo siipingi. Visima vya Makutupora haviwezi kubeba jiji hili peke yake. Ila Bubu inatoka Kondoa, kwenye vilima vile vile vya udongo mwekundu vilivyomshinda mhandisi wa matuta mpaka mifugo ikaondolewa. Tangu fedha za HADO ziishe, kulinda miteremko hiyo kumebaki juu ya halmashauri na vijiji vyenye mifuko myembamba. Tunajua kilichoyapata mabwawa ya Ikowa na Msalatu. Bwawa la Farkwa likijengwa bila fungu la kudumu la kutunza vilima vya Kondoa, nusu karne ya vipimo itakuwa imefanywa bure.

Upande wa chini kuna Bahi. Mbuga hiyo hulisha skimu ya mpunga, wavuvi wa msimu na wafugaji wanaoshuka majani yakiisha kwingine, na uhai wake wote ni mafuriko ya Bubu. Mafuriko ndiyo yanayosukuma chumvi pembeni na kuleta maji mapya. Ukiyazuia Chemba, chumvi itabaki Bahi bila maji ya kuipunguza makali, pamoja na mbolea ya mashamba na chochote kitakachotiririka kutoka machimboni. Sheria ya 2009 inataka mto uachiwe akiba kwa ajili ya mazingira na mahitaji ya msingi ya watu kabla ya kugawa vibali vingine. Wabunge wa Dodoma, bajeti ya Wizara ya Maji inapowekwa mezani, wanaweza kuomba namba mbili zisomwe pamoja na ujazo wa bwawa: ni shilingi ngapi kila mwaka zitakwenda kwenye vilima vya Kondoa, na ni maji kiasi gani yataachiliwa kuelekea Bahi katika Februari na Machi, mpunga unapoyahitaji.